Dada Yangu Alifungua Ukumbi

Dada yangu alikufa akiwa amesimama. Nikisema hivyo watu wanadhani naongeza chumvi. Mtu akifa huanguka, lakini yeye hakuwa na pa kuangukia. Mbele yake kulikuwa na geti la nyuma la ukumbi, geti la nondo, limepigwa kufuli. Nyuma yake tulikuwa sisi, watu wazima tuliokuja kusikiliza muziki Jumapili alasiri, tumebanana kama magunia ya viazi kwenye lori. Waliokuwa nyuma kabisa walizidi kusukuma kwa sababu hawakujua kwamba mbele pamefungwa.

Mimi nilikuwa ubavuni pake. Taya langu lilikuwa limeshavunjwa na kiti, damu inajaa mdomoni, naimeza kwa kuwa sikuweza kuinamisha kichwa nikaitema. Uso wa dada ulikuwa umekandamizwa kwenye nondo, shavu moja limetokeza upande wa pili. Akaniambia, "Mdogo wangu, waambie wafungue." Alisema polepole, kama mtu anayemwomba jirani kiberiti. Nikataka kupiga kelele, taya likagoma, ikatoka sauti kama ya mbuzi. Mtu aliyekuwa nyuma yangu akanipiga kiwiko cha kisogo, akaniambia nisimmwagie damu. Nilipomtazama tena dada, macho yake yalikuwa wazi na hayapepesi. Yalikuwa yanauelekea uwanja wa nje ambao watu huanikia mahindi. Ulikuwa mtupu. Kuku tu walikuwa wanatembea.

Tulikaa naye hivyo, maiti amesimama katikati yetu, mpaka watu wa nyuma walipopungua. Ndipo akateremka taratibu kwenye zile nondo, kitenge chake cha kiunoni kikanasa kwenye kufuli.

Sikusoma sana. Niliacha shule darasa la nne baba alipofariki, kwa hiyo nitaandika kama ninavyoongea. Majina siweki, lakini simfichi mtu. Nikisema mwenye ukumbi, nikisema mwenyekiti wa mashabiki, nikisema kiongozi wa bendi, kila anayeishi kati ya Makambako na Njombe anawajua, na wenyewe wakisoma watajijua.

Dada ndiye aliyenilea. Alikuwa ameolewa Makambako, mumewe akamwacha, akabaki na binti mmoja na kibanda cha chakula karibu na maegesho ya malori. Mimi nilipokua nikawa kibarua wa kupakia mbao. Maisha yetu yalikuwa hayo, upepo na vumbi, mbao na masufuria. Kitu kimoja tulichokipenda ambacho hakikuwa kazi ni ile bendi.

Ni bendi ya dansi, ya zamani, ya magitaa na tarumbeta. Kila mwaka baada ya mavuno ilipanda huku kwetu kwenye baridi. Walipokuja mara ya kwanza mimi ndiyo kwanza naanza kunyoa ndevu. Wanaume walikuwa wamevaa makoti, wamejipanga ukutani, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kucheza. Watu wa huku ndivyo tulivyo, kuanza tunaona haya. Yule mwimbaji, wakati huo kijana mwembamba, akashuka jukwaani na maiki yake, waya unaburuta sakafuni, akaenda moja kwa moja kwa dada, ambaye alikuwa anakaanga mihogo pale mlangoni. Akamshika mkono.

Dada akasema, "Niache, nina mafuta mikononi."

Yule akasema kwenye maiki ukumbi mzima ukasikia, "Mwenzenu ana mafuta mikononi, sisi tuna njaa tu."

Watu wakacheka. Dada akazunguka naye, na makoti yakaanza kutoka ukutani.

Tangu siku hiyo ikawa desturi yetu, tukaiita kufungua ukumbi. Kila walipokuja, mwimbaji alishuka akacheza na dada kwanza, na mpaka afanye hivyo hakuna Mmakambako aliyenyanyua mguu. Mwaka mmoja dada alikuwa na homa. Bendi ikapiga na kupiga, watu wamekaa kimya kama wako kanisani, mpaka akafuatwa nyumbani kwa baiskeli. Akaja amejifunika shuka, akazunguka na mwimbaji mara moja, akarudi kulala. Hapo ndipo watu wakacheza. Wageni waliotoka Mbeya walituona wendawazimu. Sisi tuliona ndivyo inavyotakiwa.

Kisha yule mwimbaji akaondoka kwenye bendi. Wapo wanaosema koo lilimharibikia. Wapo wanaosema kiongozi wa bendi, ambaye ndiye mpiga gitaa la solo, alimtoa kwa sababu amezeeka. Ukweli siujui. Ninachojua ni kwamba kiongozi wa bendi alimchukua kijana wa umri wa mwanawe, akamfundisha nyimbo zote, akaanza naye ziara bila kusema kitu. Gari la matangazo likapita Njombe na Makambako likipiga sauti ya yule wa zamani, na kwenye mabango picha ikawa ya yule wa zamani. Kwa hiyo wa kwanza ninayemtaja ni huyo. Aliogopa kuwaambia watu, akawaachia wagundue wenyewe wakiwa wamekunywa.

Siku hizi lakini hakuna siri. Bendi ilikuwa bado iko Iringa, video ya yule kijana ikafika kwenye simu za watu. Mashabiki wana grupu lao, na mwenyekiti wao ni mtu wa hapa Makambako, muuza vipuri vya pikipiki, mnene, mwenye sauti. Alirekodi sauti yake akaituma, nami niliisikiliza: "Ndugu zangu, sisi tumezoea kuku wa kienyeji. Safari hii tunaletewa broila. Akipanda jukwaani tutamshusha."

Mmoja akamjibu, "Mwenyekiti, broila naye analiwa."

"Kamle wewe na mkeo."

Ikaanza hivyo, kama utani. Siku mbili tatu baadaye watu walikuwa hawasalimiani. Kilabuni, fundi viatu mmoja alisema kijana anaimba vizuri, basi, alisema hivyo tu. Shemeji yake akampiga chupa ya mdomo. Jino likaangukia kwenye kopo la komoni. Aliyempiga akaligeuza lile kopo, akamwaga pombe na jino, akaagiza nyingine. Nilikuwepo. Tulicheka, na mimi nilicheka.

Jumamosi walipiga Njombe, mchana. Nilipanda lori la mbao nikaenda kuona mwenyewe. Kulikuwa na ukungu mpaka ndani ya ukumbi, watu wanatoa moshi midomoni. Yule kijana akapanda amevaa suti iliyompwaya, akasema, "Kamwene," salamu ya huku kwetu. Watu wakaitikia kwa mazoea, kisha wakakasirika kwamba wameitikia. Akaanza kuimba. Nikafumba macho. Ilikuwa sauti ile ile, na pumzi zile zile. Nafikiri hilo ndilo lililowaudhi kuliko yote. Angeimba vibaya wangemcheka, wakaenda zao nyumbani.

Mwenyekiti alikuwepo, amesimama juu ya kiti, anapiga filimbi ya mpira. Alipoipuliza mara ya tatu mawe yakaanza. Hayakuwa mawe ya kuokota pale ukumbini, sakafu ni saruji. Watu walikuja nayo mifukoni. Jiwe moja likampata mpiga tarumbeta akiwa anapuliza. Mdomo ukapasukia kwenye chuma, na ile tarumbeta ikaendelea kutoa sauti kidogo, sauti mbaya. Mzee mmoja mwenye koti la mvua alichukua stuli akamshukia mwenzake kichwani, mara nne, mara tano, huku akimwambia, "Mimi na wewe tulikuwa wote ukumbini wakati ule. Tulikuwa wote." Kama anamkumbusha. Yule mwingine alikuwa ameshalala.

Njombe hakufa mtu. Sababu ni moja. Milango ya ule ukumbi ilikuwa wazi pande zote, watu wakamwagikia nje kama maharage, wakaishia barabarani. Nililiona hilo kwa macho yangu, na jioni ile ile niliporudi Makambako nilikwenda kwa mwenye ukumbi wetu kumwambia. Alikuwa anakunywa chai dukani kwake.

Nikamwambia, "Bosi, Njombe leo pamechafuka. Watu wanakuja na mawe mifukoni. Kesho weka walinzi, na lile geti la nyuma liache wazi."

Akacheka. "Niliache wazi wazamiaji waingie? Mwaka jana nusu ya ukumbi walipitia hapo hapo."

"Bosi, watu watakimbilia wapi?"

"Kwani wanakuja kucheza au kukimbia? Wewe kapakie mbao, mambo ya ukumbi niachie mimi."

Mke wake alikuwepo. Naye akasema, "Baba, si uweke tu mtu mwenye ufunguo pale." Akamwambia anyamaze. Hayo nilimwambia polisi, nikamwambia tena, na hayakuandikwa.

Jumapili asubuhi mwenyekiti akaja kibandani kwa dada. Nilikuwa nakunywa uji. Alikuja na wenzake wawili, hawakuketi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Chapati au vitumbua?"

"Mama, tumekuja kwa heshima. Leo usimfungulie yule kijana."

Dada aliendelea kugeuza vitumbua. "Mimi sijawahi kumfungulia mtu. Nafungua ukumbi."

"Ukimpa mkono umempitisha. Watu watacheza, na bendi itasema Makambako wamemkubali."

"Wakicheza si ndicho walichokuja kufanya?"

"Mama, yule mzee alikushika mkono ukiwa msichana. Leo umtupe?"

Dada akamtazama. Alikuwa na mdomo dada yangu, msimdhanie mpole. Akasema, "Wewe mwanangu, wakati ule ulikuwa unanyonya. Usinisimulie mkono wangu ulishikwa na nani. Huyo mzee nampenda kuliko wewe. Lakini kuna mtoto wa mtu ametoka kwao, anaimba kwenye baridi hii, mnamtupia mawe. Mama yake akisikia je?"

Mmoja wa wale wawili akacheka. Mwenyekiti hakucheka. Akasema, "Basi usije ukatulaumu." Wakaondoka bila kununua kitu. Dada akaniambia, "Amekuja kunitisha kwenye moto wangu mwenyewe." Alikasirika, na nadhani kama asingetishwa pengine asingekwenda kabisa, maana magoti yalikuwa yanamsumbua.

Alasiri ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Madirisha yenyewe yana nondo. Upepo wa Makambako ulikuwa unapiga bati juu, bendi ikipiga, na kati ya wimbo na wimbo ilikuwa bati tu. Mlango wa mbele walisimama mgambo wenye virungu. Geti la nyuma lilikuwa na kufuli. Nilikwenda kulitazama kabla hawajaanza, nikalitikisa. Mlinzi wa pale akaniambia ufunguo anao bosi, na bosi yuko mjini anatazama mpira.

Bendi ikapiga. Watu wamekaa. Yule kijana akaimba wimbo wa kwanza na wa pili, hakuna anayenyanyuka, wote wanamtazama dada. Nadhani kiongozi wa bendi alimfundisha desturi yetu pia, maana yule kijana akashuka. Maiki aliishika kwa mikono miwili. Akasimama mbele ya dada, akapiga goti kidogo, akasema, "Mama, shikamoo."

"Marahaba, baba," dada akasema. Akainuka kwa kushika bega langu, akampa mkono.

Hawakuzunguka hata mara moja kamili. Mwenyekiti alikuwa amekaa safu ya mbele. Alisimama, akarudisha mkono nyuma kama mtu anayerusha kombeo, akarusha chupa ya bia. Mimi nilimwona, na waliokaa pembeni yake walimwona. Ilimpata yule kijana juu ya jicho, ikavunjika, damu ikamshuka usoni na kwenye shati. Aliendelea kuimba kama maneno mawili hivi, sijui kwa nini, kisha akanyamaza. Dada akavua kitenge cha mabegani akakisukuma kwenye jeraha. Akageuka, akamwambia mwenyekiti mbele ya watu wote, "Umefurahi sasa?"

Mtu mwingine akampiga dada kofi. Sikumjua, na ningemjua ningemtaja hapa. Nilimrukia. Hapo ndipo kiti kikanijia kutoka kulia, nikasikia taya likikatika ndani ya kichwa changu, mlio kama wa kuni kavu.

Baada ya hapo ilikuwa vita, na si ya pande mbili tena. Watu walipigana na aliye karibu. Niliona mwanamke ameng'ang'ania nywele za mwenzake, anamgongesha kwenye spika. Niliona kijana anayejulikana na kila mtu, mchoma mahindi, ameshika shingo ya chupa na hajui amkate nani, anazunguka tu. Waliokimbilia mlango wa mbele walikutana na mgambo, na mgambo waliona kila anayekuja mbio ni mkorofi, wakawa wanawapiga virungu vya magoti na vichwa. Watu wakaanguka pale mlangoni, wengine wakawakanyaga, mlango ukaziba. Ndiyo maana tukageukia nyuma. Kila mtu alijua kuna geti nyuma. Dada alinishika mkono akanivuta, "Twende huku, huku hakuna vita," kwa hiyo tulifika wa kwanza, na waliofuata wakatukuta pale.

Yaliyotokea getini nimeshayasema.

Yule kijana, mwimbaji mpya, ndiye aliyepanda juu ya spika, akapenya kati ya ukuta na bati, akarukia nje, akaja na stendi ya maiki akawa anapiga lile kufuli, damu inamwingia jichoni. Anapiga anakosa, anapiga anakosa. Alilivunja dada ameshafika chini. Hilo nalisema kwa sababu kuna wanaotaka kumwekea yeye lawama zote.

Kiongozi wa bendi alikuwa anapakia magitaa. Mpwa wangu, binti wa dada, alimfuata kwenye basi lao akamwambia, "Baba, tusaidie gari, mama yangu hapumui." Akamjibu kwamba basi limejaa vyombo. Wakaondoka. Dada tulimpakia kwenye guta la kubebea viazi, wengine watatu wakapakiwa juu yake na pembeni yake, wawili kati yao wakiwa hai. Mimi nilikimbia nyuma nikiwa nimeshika mguu wake ili usiburute.

Msibani mwenyekiti alikuja. Alileta sukari na mchele, akakaa na wanaume, akapewa nafasi ya kusema machache. Akasema tumempoteza mama wa muziki, hii ni ajali, tumwachie Mungu. Taya langu lilikuwa limefungwa waya, sikuweza kufungua mdomo. Nilichukua kigoda nikamrushia, kikapita, kikampiga padri mguuni. Wazee wakanishika wakanitoa nje ya msiba wa dada yangu, na yule akabaki ndani anakula.

Mwenye ukumbi hakuja. Alituma mtu kuuliza kama familia itachangia viti vilivyovunjika.

Waliokamatwa ni wachoma mahindi na vijana wa maegesho, kwa kufanya fujo. Wamekaa ndani, wametoka. Ofisini kwa polisi nikaambiwa waliokufa walikufa kwa kukosa hewa, na hewa haishitakiwi. Aliyeniambia hivyo alikuwa anachezea simu. Mtaani napo wapo wanaosema dada alijitakia, angekaa tu kwenye kiti chake. Mmoja aliniambia hivyo usoni. Meno yake ya mbele sasa ni ya bandia, na kwa hilo niliwekwa ndani, sijutii.

Sasa waya umetoka, naongea, ingawa maneno mengine yananitoka upande. Na wiki hii gari la matangazo limepita tena. Ukumbi umepakwa rangi, bendi inakuja, safari hii picha ya yule kijana iko kwenye bango, ana kovu juu ya jicho. Mwenyekiti ametuma sauti kwenye grupu kwamba wamepatana, yaliyopita yamepita.

Hayajapita. Mwenyekiti, ulirusha chupa, mimi nilikuona, na waliokaa pembeni yako wanaogopa utawanyima vipuri tu. Kiongozi wa bendi, uliambiwa mtu hapumui ukajibu vyombo. Lakini wewe mwenye ukumbi nakuweka wa kwanza kujibu, kwa kuwa wewe hukuwa umelewa wala hukuwa na hasira na mtu. Niliwahi kwako siku moja kabla, ukiwa na kikombe mkononi, nikakuambia. Mkeo akakuambia. Kabla hujauza tiketi hata moja, simama hapo mlangoni kwako mchana kweupe, mbele yangu na mbele ya mpwa wangu, utuambie: ulipopigiwa simu kule kwenye mpira kwamba watu wanakufa getini, na ulipigiwa, mlinzi wako ameniambia, kwa nini ulisubiri mechi iishe?